Zizi la Nje

Marehemu bibi mzaa baba ndiye aliyenichora usoni. Nilikuwa msichana mdogo. Shangazi alinilaza mapajani pake, akanishika kichwa, na bibi akapitisha wembe kuzunguka macho yangu, duara nje ya duara. Kwetu Wataturu hayo ni mapambo. Kwa Wasukuma wa upande wa mama yangu lilikuwa jambo la kutazama mara mbili, kisha wakazoea. Kwa askari, nilikuja kujua baadaye, yalikuwa ushahidi.

Baba alikuwa Mtaturu wa huko Meatu, kule nchi inakoteremkia Ziwa Eyasi. Mama alikuwa Msukuma wa Nyalikungu. Baba alipofariki, mama alirudi kwao pamoja na mimi, na mdogo wangu wa kiume akabaki kwa baba wakubwa kuchunga. Hivyo mimi nikapata shule, Kisukuma na Kiswahili, naye akapata ng'ombe. Tulipokutana kila mwaka alinicheka kwa kuogopa madume, nami nikamcheka kwa kuogopa baiskeli. Tulipendana hivyo, kwa kuchekana.

Niliolewa na dereva wa trekta la ushirika, katika mji mdogo wa upande wa Bariadi. Ushirika ulipolegea na pamba ikaanza kununuliwa na watu binafsi, trekta liliegeshwa chini ya banda la mabati, likaota kutu, na mume wangu akaenda Mwanza kutafuta kazi. Mimi nikafungua banda la chakula kwenye mnada wa ng'ombe. Nilipika ugali, nyama ya kuchemsha na chai ya maziwa, na siku za mnada sikupata nafasi ya kukaa. Ilikuwa miaka ya neema na vurugu kwa pamoja. Sabuni na sukari zilirudi madukani, mitumba ikafika hadi vijijini, na malori ya wanunuzi wa ng'ombe kutoka Mwanza na Dar es Salaam yakaanza kupanga foleni nje ya uzio wetu. Redioni walisema soko sasa ni huria.

Bei ya ng'ombe ilipopanda, wizi nao ulipanda. Wezi walikuwepo, sikatai. Walikuwa wa kila kabila, na baadhi yao walikula kwangu na kunishukuru vizuri kabisa. Lakini halmashauri yetu ilipokaa kutafuta dawa ya wizi, dawa iliyoipata ilikuwa sisi. Madiwani walipitisha kwamba mifugo ya Wataturu isiingie mnadani kwa mlango wa kawaida. Ipelekwe kwanza kwenye zizi la nje, ikaguliwe na askari, ndipo iruhusiwe.

Mgambo wa halmashauri walikata miiba ya migunga, wakazungushia uwanja mtupu nje ya uzio. Hapakuwa na maji wala kivuli. Msukuma alifika na ng'ombe wake, akalipa ushuru mlangoni, akaingia. Mtaturu alifika alfajiri, akaingizwa miibani, akasubiri askari amalize chai. Mara nyingi chai yenyewe alikunywa kwangu. Alipomaliza kukagua, wanunuzi wenye fedha nzuri walikuwa wamekwisha jaza malori, na waliobaki walitaja bei ya dharau. Watu wa baba yangu waliuza kwa bei hiyo, wakarudi kusini bila kelele. Mang'ati, ndivyo walivyoitwa mnadani. Ni neno la Kimasai, maana yake adui.

Siku ninayoieleza, mdogo wangu alikuja na madume mawili na mtamba mmoja. Alikuwa anataka kuoa. Nilimwona asubuhi amesimama katikati ya zizi la nje, amejifunga shuka lake jekundu, akaninyooshea fimbo kwa mbali kunisalimu. Nilimpelekea kikombe cha chai kupitia penye mwanya wa miiba.

"Dada," aliniambia kwa Kitaturu, "mbona mmetufuga?"

"Kunywa chai," nilimjibu. "Askari anakuja."

Askari alikuja kweli, lakini si kukagua. Mnunuzi mmoja alikuwa analalamika kwamba ng'ombe wake mwekundu hayupo. Hakuna aliyemuuliza alimwacha wapi mara ya mwisho. Koplo wa kituo chetu kidogo, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alichukua mgambo wawili na kwenda moja kwa moja kwenye miiba. Nilikuwa nasonga ugali. Nikasikia ng'ombe wanakoroma na kukanyagana, kisha nikasikia sauti nisiyoweza kuikosea, maana nilikuwa nimeijua tangu ilipokuwa ya mtoto.

Nilitoka mbio na mwiko mkononi. Walikuwa wamemwangusha. Mgambo mmoja amemkalia miguu, na koplo anampiga kwa kitako cha bunduki, mabegani, mgongoni, kisha kichwani upande wa kushoto. Alikuwa anamuuliza ng'ombe yuko wapi. Anamuuliza kwa Kiswahili cha haraka ambacho mdogo wangu hakukielewa, na kila alipokosa jibu alimpiga tena.

"Muache!" nilipiga kelele. "Huyo ni ndugu yangu!"

Koplo alinyanyua uso, akanitazama machoni, akazitazama zile duara. Kwa miezi mingi alikuwa amekula chakula changu. Siku ile ndipo alipoonekana kuziona kwa mara ya kwanza.

"Ndugu yako?" alisema. "Kumbe na wewe ni wao. Basi tuambie nyumba gani mmemficha."

"Hatujamficha mtu wala ng'ombe. Piga na mimi basi, kama kuzaliwa ni wizi."

Hakunipiga. Watu walikuwa wamekusanyika. Wengine walikuwa wanacheka, sitasahau hilo. Ndipo dereva wa lori alipopaza sauti kutoka ng'ambo ya uzio kwamba ng'ombe mwekundu huyu hapa, amepakiwa tangu saa mbili na vijana wa mnunuzi mwenyewe.

Koplo alipangusa kitako cha bunduki kwa kiganja. "Haya, ondoka," alimwambia mdogo wangu, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anamchelewesha. Akaenda zake. Mnunuzi akaenda zake. Mdogo wangu alijaribu kusimama, akaanguka upande, akajaribu tena. Damu ilikuwa inatoka sikioni.

Tulimpakia kwenye mkokoteni wa punda wa jirani yangu, mama mjane aliyekuwa akikaanga maandazi banda la pili. Hospitalini mganga alimtazama vizuri, akasikitika, kisha akasema kwa anayedai kapigwa lazima aone kwanza PF3, ile karatasi ya polisi. Kwa hiyo ilinibidi nirudi kituoni kumwomba ruhusa ya matibabu mtu yule yule aliyemuumiza. Koplo alikuwa mezani. Hakukataa. Alichukua kalamu akasema, "Ameanguka kutoka wapi?"

"Hajaanguka. Umempiga."

"Mama, mimi nataka kukusaidia. Nikiandika ameanguka, anatibiwa sasa hivi."

Nilirudi kwa mdogo wangu, amelala kwenye mkokoteni chini ya dirisha la hospitali, nikamweleza kwa Kitaturu. Nilimwambia akubali. Sikio lilikuwa linavuja, nami sikujali karatasi inasema nini. Aligeuza kichwa polepole ili anisikie kwa sikio lililobaki.

"Mtaturu aliyeanguka," alisema. "Mwambie nimesimama."

Hakukubali, na hakuna nguvu iliyomkubalisha. Tukavuta mkokoteni hadi zahanati ya misheni, na sista mmoja akamsafisha, akamfunga, akampa dawa bila kuuliza karatasi yoyote. Uvimbe ulipungua. Sikio la kushoto halikusikia tena.

Nilikaa na hasira yangu siku chache tu, kwa sababu ilikuwa kubwa kuliko nyumba. Nikaenda kwa diwani wa kata yetu. Alikuwa mzee wa makamo, mkulima wa pamba, Msukuma wa shina lenye mizizi mirefu pale, mtu wa kanisani. Nilimkuta uani anachambua pamba na mke wake, nyeupe huku, yenye madoa kule.

"Mwadila, baba," nilimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Si mhola, baba, si salama. Nimekuja kwa sababu ya zizi la nje."

Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kuchambua. Kisha akasema lile neno nililolitarajia, kwamba jambo la polisi lina wakubwa wake, na yeye ni diwani tu, hana amri juu ya mtu mwenye bunduki.

"Sijaja kukuomba amri juu ya bunduki," nilimwambia. "Nani aliwakusanya watu wetu mahali pamoja ili wakipigwa wasikose? Polisi ndiye aliyekata miiba ile?"

Mikono yake ilisimama. Mke wake, ambaye hakuwa amesema neno tangu salamu, alitupa pamba chafu upande wake.

"Mjibu mtoto wa watu," alisema. "Wewe si uliniambia mwenyewe uliinua mkono?"

"Niliinua," diwani alisema. "Tuliambiwa ni kwa ajili ya usalama. Wote tuliinua."

"Basi ushushe," mke wake alisema.

Kikao cha baraza kilifanyika makao makuu ya wilaya, katika ukumbi wenye madirisha marefu na viti vya mbao. Wananchi waliruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza, bila kusema. Mimi nilikwenda na mdogo wangu, kichwa kimefungwa kitambaa, na wanawake wanne wa mabanda ya chakula. Mlangoni mgambo alimwambia mdogo wangu aache fimbo nje. Aliiegemeza ukutani vizuri, akaingia akiwa mrefu kuliko kila mtu ndani.

Tulisikiliza habari za madaraja, za madawati, za ushuru wa pamba ambao wanunuzi wapya walikuwa wanaukwepa. Jua likahama dirisha. Hatimaye diwani wetu alisimama, akasema ana jambo kuhusu mtu aliyepigwa mnadani. Mwenyekiti wa halmashauri, mfanyabiashara mwenye miwani ya kusomea aliyokuwa akiivua kila anapotaka kuonekana mpole, aliivua.

"Mheshimiwa diwani, tunamwonea huruma mtu huyo," alisema. "Lakini sisi ni serikali ya mitaa. Polisi hatumwajiri, hatumfukuzi. Hilo si letu."

"Ni kweli, Mheshimiwa Mwenyekiti. Bunduki si yetu," diwani wetu alisema. "Lakini zizi ni letu. Miiba ilikatwa na mgambo wetu, kwa azimio letu. Polisi alipofika aliwakuta watu tumeshamkusanyia. Mimi niliinua mkono siku ile. Leo naomba kuushusha."

Ukumbi ulichemka. Diwani mmoja wa mstari wa mbele, kijana aliyevaa suti ya mtumba iliyompwaya, alisimama bila kuruhusiwa. "Tusidanganyane," alisema. "Mang'ati wanajulikana. Tukiondoa zizi, tutalala bila ng'ombe hata mmoja. Mnataka tuwafurahishe wao tuwaumize wananchi?"

Wao, na wananchi. Nilisikia yale maneno mawili yakikaa mbalimbali kama mnada na zizi lake. Nilikuwa nimeahidi kukaa kimya. Nikasimama.

"Mimi ni Mtaturu," nilisema. "Nani kati yenu nimemwibia?"

"Mama, kaa chini," mwenyekiti alisema. "Wananchi hawachangii."

"Kumbe na mimi ni mwananchi? Huyu mheshimiwa amesema sisi siyo. Wewe, Mheshimiwa Mwenyekiti, umekula kwangu mwezi uliopita na wageni wako, mkasifu mchuzi. Na wewe pale nyuma, na wewe. Nani nimemwibia? Ajibu, nitakaa."

Mwenyekiti aliita mgambo anitoe. Mgambo alikuja kati ya viti, kijana wa mtaani kwetu, na alipofika kwangu wanawake wanne wakasimama pia, na mdogo wangu, ambaye hakuwa ameelewa nusu ya yaliyosemwa lakini alijua kusimama ni nini, akasimama nyuma yetu. Yule mgambo alitutazama, akamgeukia mwenyekiti, akabaki hapo katikati kama mtu aliyetumwa chumvi akasahau duka.

Mwenyekiti alivaa miwani. Alisema kamati itaundwa kulitazama suala hilo. Kisha akaita jambo linalofuata, nalo lilikuwa choo cha soko.

Njiani kurudi, kwenye lori la pamba, nilikuwa nalia kwa hasira. Mdogo wangu aliniuliza kamati ni nini. Nikamwambia ni watu wachache wanaopewa kazi ya kusahau kwa niaba ya wengi.

Alifikiri, kichwa ameegemeza kwenye gunia. "Kama hawataki ng'ombe wetu wapite mlangoni," alisema, "wasiwaone kabisa."

Alikwenda kusini, boma kwa boma, kichwa bado kimefungwa, na popote alipofika hakuhitaji kueleza sana. Kitambaa kilieleza. Wazee wakakubaliana ng'ombe wapelekwe minada ya upande wa Shinyanga, ingawa ni mbali na wanapungua mwili njiani. Mimi nilikwenda kwa wapishi wenzangu, banda kwa banda, nikawaomba wasiwashe moto siku ya mnada mpaka zizi liondoke.

Sitasema walikubali kwa furaha. Jirani yangu wa maandazi, yule aliyetuazima mkokoteni, alinisikiliza akakunja kanga yake kiunoni.

"Wanangu watakula kabila lako?" aliniuliza.

Nilimuaga, nikaenda banda lililofuata.

Mnada uliofuata niliketi mbele ya mafiga yangu, baridi. Mabanda machache yalikuwa baridi, mengine yalikuwa yanafuka moshi, na la jirani lilikuwa linanukia kote. Zizi la nje lilikuwa tupu. Upepo ulikuwa unapita tu kwenye miiba. Wanunuzi walizunguka na fedha zao, wakauliza yale madume makubwa ya kusini yako wapi.

Koplo alikuja akasimama mbele yangu, ameshika andazi la jirani.

"Unajua banda hili liko kwenye ardhi ya nani?" aliniuliza.

"Ya halmashauri."

"Na ulinzi ni wa nani?"

"Nilidhani ni wetu sote, afande. Nilikosea. Ni wa wanaopita mlangoni."

Alicheka. Aligeuka akamwambia mgambo wake, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa safu, "Hawa wanawake wa Mang'ati ukiwachora usoni wanadhani wamekuwa wakuu wa mkoa. Ngojeni, njaa itamwashia moto." Kisha akamega andazi na kuondoka. Hakulilipia. Hakuwahi kulipia.

Jirani yangu alimtazama hadi akapotea kati ya ng'ombe. Halafu alichukua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, akaimwaga yote kwenye moto wake. Mvuke ulipanda, ukamfunika hadi kichwani. Alipotokea alikuwa anapangusa macho, na sijui kama ni kwa moshi.

"Usinishukuru," alisema. "Leo nimefanya kwa sababu yangu mwenyewe."

Kabla ya adhuhuri hapakuwa na moto hata mmoja. Madereva walitafuta chai hawakuipata. Mnunuzi mmoja mkubwa wa Mwanza aliondoa malori yake, nusu matupu, akamwambia karani wa ushuru kwamba mnada usio na ng'ombe wala ugali si mnada, ni uwanja wa mpira. Mnada wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Wa tatu, hata wafugaji wengine wa Kisukuma hawakuja, wengine kwa kuona hakuna wanunuzi, wengine, waliniambia wenyewe, kwa aibu.

Hapo ndipo kamati iliyoundwa kusahau ilipokumbuka. Sitaki kuwapamba wale madiwani. Walisukumwa na ushuru uliokuwa haukusanywi, na uchaguzi ulikuwa unakaribia, na sasa vyama vilikuwa vingi na kila mmoja alikuwa anamwogopa mpinzani ambaye bado hajamwona. Lakini pia nilimwona diwani wetu akipita nyumba kwa nyumba za wenzake kwa baiskeli yake, jioni baada ya shamba, na mke wake aliniambia wengine walimfukuza na mmoja alimwita mtumwa wa Mang'ati. Aliendelea kupita.

Baraza lilipokaa tena tulijaza nyuma yote, na waliokosa viti wakasimama madirishani. Diwani wetu aliwasilisha hoja yake fupi: zizi la nje liondolewe, mifugo yote, ya kabila lolote, ikaguliwe kwenye mlango mmoja, halmashauri iwaandikie wakubwa wa polisi kudai aliyempiga mtu achukuliwe hatua, na mwenyekiti aende mnadani kuomba radhi mbele ya watu.

Walibishana sana juu ya hilo la mwisho. Zizi lilikuwa limekwisha wachosha, na barua kwa polisi haikuwagharimu kitu, lakini kuomba radhi kuliwauma. Yule wa suti alisema serikali haiombi radhi. Diwani wetu akamjibu kwamba ndiyo maana haifundishiki. Walipopiga kura, mikono iliyokubali iliizidi iliyokataa, si kwa wingi mkubwa. Yule wa suti alikunja yake kifuani, akatazama dari.

Siku ya kubomoa, mgambo walikuja na mapanga, lakini wanawake walikuwa wamewahi. Miiba ya mgunga ikikauka inawaka vizuri sana. Tuliivuta vipande kwa vipande hadi mabandani kwetu, tukichomwa na kucheka, na jioni ya siku hiyo hapakuwa na mpishi aliyenunua kuni.

Mnada uliofuata Wataturu walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuwaona. Walipita mlangoni, ng'ombe kwa ng'ombe, wanalipa ushuru, wanakaguliwa kama kila mtu. Mwenyekiti alifika na gari la halmashauri, akapanda juu ya jukwaa la kupakilia. Mdogo wangu aliitwa mbele. Mimi nilisimama kando yake, upande wa sikio lililobaki, nimtafsirie.

"Ndugu zangu," mwenyekiti alisema, "halmashauri inasikitika kwa yote yaliyotokea hapa."

Nilimtafsiria. Mdogo wangu alitikisa kichwa, akasema maneno machache.

"Anasemaje?" mwenyekiti aliuliza, akitabasamu tayari.

"Anasema mvua ndiyo hutokea. Yeye alipigwa."

Tabasamu liliondoka. Mwenyekiti alimtazama mkurugenzi wa halmashauri aliyekuja naye, naye mkurugenzi akatazama viatu. Ingekuwa rahisi mdogo wangu kuinamisha kichwa hapo, na nadhani wengi walimsubiri ainamishe. Alisimama tu, fimbo mabegani, kama anayesubiri ng'ombe wamalize kunywa.

"Ulipigwa," mwenyekiti alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Hawajasikia," nilisema.

"Ulipigwa!" alipaza sauti. "Hukuwa umeiba. Na zizi tulilijenga sisi. Tulikosa. Tunaomba radhi."

Nilitafsiri kila neno, polepole. Mdogo wangu alisikiliza, akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, na nilipoulizwa na mwenyekiti kama amesamehe nilimjibu hivyo hivyo: amesikia. Kisha alirudi kwa dume lake, moja ya yale mawili, alilolileta tena siku hiyo. Bei ilikuwa mbaya siku hiyo, akakataa kuuza, akatoka nalo kwa mlango mkubwa akielekea kusini, na dume likiwa limenona kuliko alivyokuja nalo mara ya kwanza.

Alioa mwaka uliofuata. Akina mama wa mnadani tulikwenda tukapika.

Kuhusu koplo, wakubwa wa polisi walijibu kwamba suala linashughulikiwa. Baadaye alihamishwa. Niliona godoro lake juu ya basi la Mwanza, na yeye dirishani, hakunitazama. Hakuna mahakama iliyomwona. Watu waliniambia nitosheke, zizi limebomolewa, radhi imeombwa, koplo ameondoka, nataka nini tena? Nataka ajibu. Kumhamisha mtu si kumwadhibu, ni kuwapelekea wengine.

Basi nilianza kwenda kituoni. Kila nilipokuwa na nafasi nilifunga banda, nikavaa gauni la kanisani, nikaenda kuuliza jalada la mdogo wangu limefikia wapi. Askari wapya walitazama duara za macho yangu, wakauliza mimi ni kabila gani. Nikawajibu, kisha nikarudia swali langu. Wakuu wa kituo walibadilika, mmoja baada ya mwingine. Wengine walinipa kiti. Mmoja alinifukuza, nikarudi kesho yake.

Mdogo wangu alinikuta siku moja najiandaa kwenda. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi, na zangu zilikuwa nyeupe zote.

"Bado?" aliniuliza, akigeuza lile sikio zima.

"Bado."

"Watakuchoka, dada."

"Wachoke," nilimwambia, nikavaa viatu.